Kabla ya sindano ya tezi dume, wanaume tupewe nasaha

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tumezoea kusema, “Mzee fulani ana tezi dume.” Tunasema hivyo misibani, kwenye daladala, hata tunapochangishana fedha za kumpeleka mgonjwa hospitali. Ukiisikiliza vizuri, kauli hiyo haina maana. Kila mwanamume ana tezi dume. Amezaliwa nayo kama alivyozaliwa na ini na figo. Kusema mtu ana tezi dume ni sawa na kusema mtu ana moyo.

Wengine wataona huu ni ubishi wa maneno tu, lakini una madhara yake. Jina moja likibeba kiungo chenyewe, uvimbe wa kawaida wa utu uzima na saratani kwa pamoja, mwanamume akiambiwa “tezi dume yako ina shida” hajui aogope nini. Mmoja ataogopa kila kitu akimbilie kwa mganga. Mwingine atasema huo ni ugonjwa wa wazee, baba alikuwa nao, utapita.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu siku hizi wito wa “wanaume tukapime tezi dume” unasikika kila mahali. Unatolewa redioni, kwenye maonyesho, kwenye kambi za upimaji, kanisani na msikitini. Ni wito mzuri. Ninachouliza leo ni hiki: mwanamume anapokaa kwenye kiti akanyoosha mkono kutolewa damu, ameambiwa nini? Kwa wengi jibu ni kwamba hakuambiwa chochote. Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki kisichukuliwe bila nasaha, kama tulivyojifunza kufanya kwa kipimo cha virusi vya Ukimwi.

Tezi na namba yake

Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wa ndimu ndogo, kilichokaa chini ya kibofu cha mkojo. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kuwa mrija umepita katikati, tezi ikikua njia ya mkojo inabanwa. Mkojo unatoka kwa kusuasua, unaamka usiku mara 3 au 4, na ukimaliza unahisi bado upo. Kwa wanaume wengi waliovuka miaka 50, hali hiyo inatokana na kukua kwa tezi kusiko na saratani. Inasumbua, na inaweza kuufunga mkojo kabisa mpaka mtu awekewe mpira, lakini ina dawa, ina upasuaji, na yenyewe haigeuki kuwa saratani.

Saratani nayo mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija. Kwa hiyo katika hatua za mwanzo haimsumbui mtu hata kidogo. Anayesubiri dalili ndipo apime anaweza kusubiri mpaka mgongo na nyonga viume bila kukoma, uzito upungue, miguu iishiwe nguvu. Wakati huo mara nyingi ugonjwa umeshafika kwenye mifupa.

Hii ndiyo sababu kipimo cha damu kilipokelewa kwa furaha. Tezi dume hutengeneza protini inayofahamika kwa kifupi kama PSA, ambayo kazi yake ni kuyeyusha shahawa. Kiasi kidogo cha protini hiyo huvuja na kuingia kwenye damu, na maabara hukipima kwa nanogramu katika kila mililita. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ni 4. Chini ya hapo mtu huambiwa yuko salama, juu ya hapo huambiwa arudi. Madaktari wengi sasa huangalia na umri, kwa sababu tezi hukua kadiri mtu anavyozeeka, na namba inayotia shaka kwa mwenye miaka 45 inaweza kuwa ya kawaida kwa mwenye miaka 75.

Lakini PSA inatoka kwenye tezi yoyote, yenye saratani na isiyo nayo. Tezi iliyokua tu huitoa kwa wingi. Tezi yenye maambukizi huimwaga. Maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga kwa mkojo, mpira uliowekwa kwenye njia ya mkojo, hata kufanya tendo la ndoa au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu siku moja au mbili kabla ya kipimo, vyote vinaweza kuipandisha namba. Kwa takwimu za Marekani, katika wanaume 4 ambao PSA yao iko kati ya 4 na 10, takribani mmoja ndiye hukutwa na saratani anapochukuliwa kinyama. Watatu waliobaki walilala bila usingizi kwa kengele ya uongo.

Kengele hiyo pia inaweza kunyamaza moto ukiwa unawaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachukua kinyama wanaume ambao PSA yao ilikuwa 4 au chini, yaani wale ambao kwa kawaida wangeambiwa waende nyumbani. Takribani asilimia 15 walikutwa na saratani. Wengi walikuwa na ile isiyo kali, lakini si wote.

Zipo pia dawa za kupunguza tezi iliyokua, kama finasteraidi na dutasteraidi, ambazo baada ya miezi kadhaa huishusha PSA kwa karibu nusu. Mzee anayezimeza akapata 3 anaweza kushangilia, kumbe kwa daktari anayejua, 3 yake isomwe kama 6. Asipoulizwa anatumia dawa gani, hakuna atakayejua.

Wanaume wawili wenye namba moja

Tuchukue mfano wa wanaume wawili, wote wa miaka 58, waliopima kwenye hema la maonyesho na kupewa karatasi iliyoandikwa 6.8.

Wa kwanza anaitazama ile namba, anamuuliza aliyempa, anajibiwa “iko juu kidogo, nenda hospitali kubwa.” Hospitali kubwa ni nauli, ni kulala mjini kwa ndugu, ni siku za kazi. Hana maumivu. Anaikunja karatasi na kuiweka kwenye Biblia au kwenye sanduku la hati za kiwanja. Miaka mitatu baadaye anaanza kuumwa mgongo, anadhani ni kazi ya shamba.

Wa pili anaisoma namba hiyo kama hukumu ya kifo. Hajaambiwa kwamba inaweza kuwa maambukizi tu. Anauza mbuzi, kisha sehemu ya shamba, ananunua dawa ya chupa inayotangazwa kuwa “inayeyusha tezi dume ndani ya siku 21.” Fedha zikiisha anarudi kupima, na kama yale maambukizi yalipoa yenyewe, namba imeshuka. Anakwenda kuitangazia dunia kwamba dawa ya chupa inatibu saratani, na wengine watakaomwamini watakuwa na saratani kweli.

Wote wawili walitii wito. Walipima. Karatasi waliyopewa haikuwasaidia, na mmoja wao imemdhuru. Sindano haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni maneno kabla yake na njia ya kufuata baada yake.

Tulishajifunza haya

Watanzania wenye umri wa kwenda kupima tezi dume wanaikumbuka vizuri miaka ambayo kupima virusi vya Ukimwi kulikuwa jambo la kutisha. Wanaukumbuka ushauri nasaha. Wanavikumbuka vituo vya Angaza. Wanakumbuka Julai 2007, Rais wa wakati huo Jakaya Kikwete alipopima hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari.

Mambo mawili yaliifanya kampeni ile isimame. Kwanza, mtu alikaa na mshauri kabla ya kutolewa damu. Aliulizwa kwa nini anataka kupima, akaelezwa majibu yanaweza kuwa yapi na maana yake, na akaulizwa atafanya nini kwa kila jibu. Pili, nyuma ya kipimo kulikuwa na mlango wa kuingia. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure, na kliniki za tiba na matunzo zikafunguliwa hadi wilayani. Aliyekutwa na virusi hakupewa karatasi akaambiwa “nenda hospitali kubwa.” Alipelekwa kwenye kliniki, akafunguliwa kadi na kupewa tarehe ya kurudi.

Sasa fikiria. Kipimo cha virusi vya Ukimwi ni cha uhakika mkubwa na majibu yake ni mawili tu, unavyo au huna. Tukakizungushia nasaha. Kipimo cha PSA majibu yake ni namba inayohitaji kutafsiriwa, inayopanda kwa sababu nyingi, na inayoweza kukupeleka kwenye upasuaji wa kukubadilishia maisha. Hiki tunakitoa bila hata kumuuliza mtu kama ana maambukizi ya mkojo!

Wenzetu waliyumba

Nchi zilizotangulia kukitumia kipimo hiki kwa wingi zimeyumba kwa sababu hiyohiyo. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kazi ya kuwafuatilia watu ambao tayari wana saratani. Mwaka 1994 kikaidhinishwa kusaidia kuitafuta saratani kwa wasio na dalili. Kikaenea kama moto wa nyikani, wanaume wakapimwa kwa mamilioni, mara nyingi pamoja na vipimo vingine vya kawaida bila hata kujua.

Matokeo yake, saratani nyingi ndogo ndogo zilizokua polepole, ambazo zisingewaua wenyewe, zikagunduliwa na kutibiwa kwa upasuaji au mionzi. Wanaume wakabaki wakivuja mkojo au wakapoteza nguvu za kiume kwa ugonjwa ambao pengine wangezeeka nao bila kuujua. Richard Ablin, mmoja wa watafiti waliofungua njia ya kuzijua protini za tezi dume mwaka 1970, aliandika gazetini mwaka 2010 akilaani matumizi hayo. Mwaka 2012 jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu kinga likasema wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA kabisa. Katika miaka iliyofuata, wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa wakaongezeka, ingawa wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Mwaka 2018 jopo lilelile likalegeza: wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na wenye miaka 70 na zaidi wasipimwe kwa utaratibu wa kawaida.

Soma tena maneno hayo: baada ya kuzungumza na daktari. Walizunguka kwa miaka zaidi ya 20 wakaishia kwenye nasaha.

Kipimo chenyewe hakikuthibitika kuwa bure. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliowafuatilia wanaume zaidi ya 160,000 kwa takribani miaka 23, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2025, ulionyesha kwamba vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 13 katika kundi lililoalikwa kupima. Kwa kila wanaume 456 walioalikwa, mmoja aliepushwa na kifo hicho. Faida ipo, ni ya kweli, na si kubwa kama matangazo yanavyodai. Mwanamume mwenye akili zake anaweza kuiona namba hiyo akasema “nipimeni,” na mwingine akasema “ngoja kwanza.” Wote watakuwa sahihi, mradi wameambiwa.

Kwetu kunahitaji hesabu yake

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba, kwa kuwa Ulaya na Marekani kipimo kilizidishwa, basi na sisi tuachane nacho. Tatizo lao lilikuwa kugundua mno. Letu ni kugundua tumechelewa. Kwa makadirio ya wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, ya mwaka 2022, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume nchini Tanzania, na Kenya vilevile. Wanaume weusi walioko Uingereza wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata ugonjwa huu maishani, wakati kwa wanaume wote wa nchi hiyo ni 1 kati ya 8. Marekani, mwanamume mweusi ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kufa kwa ugonjwa huo kuliko mzungu.

Anayefika akiwa amechelewa hutibiwa kwa kukata homoni ya kiume inayoilisha saratani, kwa sindano za mara kwa mara au kwa upasuaji wa kuondoa korodani. Sindano ni ghali, upasuaji ni mara moja, na kwa mwenye kipato kidogo uamuzi huwa umeshafanywa na mfuko wake. Hapo lengo ni kuurudisha nyuma ugonjwa kwa muda, si kuumaliza. Yeyote aliyekaa na mzee akielezwa jambo hilo mbele ya mkewe anajua kwa nini sitaki tufute upimaji.

Kwa hiyo nani apime? Mwongozo wa chama cha saratani cha Marekani unasema mazungumzo na daktari yaanze mtu akiwa na miaka 50. Kwa wanaume weusi, na kwa yeyote ambaye baba au kaka yake aliugua kabla ya miaka 65, yaanze akiwa na miaka 45. Kama ndugu wa karibu walioupata mapema ni zaidi ya mmoja, aanze na miaka 40. Mzee wa miaka 80 asiye na dalili, mwenye kisukari na moyo unaosumbua, hana atakachonufaika kwa kutafutiwa saratani ambayo pengine haitamfikia. Kijana wa miaka 28 anayelipia PSA kwa sababu ya tangazo la mtandaoni anapoteza fedha yake.

Hayo yote ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye dalili hana mjadala, aende hospitali. Mkojo kufunga, damu kwenye mkojo, maumivu ya mifupa, hayo yanahitaji daktari leo. Na damu kwenye mkojo, hasa kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, inaweza pia kuwa kichocho. Mtu asijihukumu mwenyewe.

Na kile kidole?

Siwezi kuandika kuhusu tezi dume nikakwepa kidole, maana ndicho kinachofanyiwa utani vijiweni. Wanaume wengi wamefurahia kipimo cha damu kwa sababu moja tu: kidole hakipo. Watangazaji wa kambi nao huitumia furaha hiyo, “njooni, siku hizi ni damu tu.”

Ukweli ni kwamba kwa mtu asiye na dalili, kuanza na damu ni sawa. Kidole peke yake hukosa saratani nyingi za mwanzo, kwa kuwa daktari hugusa upande mmoja tu wa tezi. Lakini namba ikiwa juu, au mtu akiwa na dalili, daktari anaweza kuhitaji kugusa ajue tezi ni laini au ngumu, ina vinundu au haina. Ni jambo la sekunde chache, na linafanywa kwa heshima, mlango umefungwa. Aliyeambiwa “ni damu tu” akifika hapo hujiona amedanganywa, na wengi huishia mlangoni. Nasaha ingemwandaa tangu mwanzo.

Dakika 10 zinatosha

Wapo watakaosema ninaweka kizingiti. Wanaume wenyewe hawaji, wakija tuwachoshe na mihadhara? Wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu. Hoja hiyo ina uzito, na hata nasaha za virusi vya Ukimwi zilifupishwa miaka ilivyokwenda. Lakini sidai saa nzima. Mambo ya jumla yanaweza kuelezwa kwa kundi zima lililoketi kwenye mabenchi likisubiri zamu. Mtu mmoja mmoja anahitaji dakika 10, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuzitumia hivi:

“Shikamoo mzee. Kabla sijatoa damu nina maswali machache. Una miaka mingapi? Kuna baba, kaka au mjomba wa kwa mama aliyeugua tezi? Mkojo unakusumbua, unauma, una damu? Umetibiwa maambukizi ya mkojo ndani ya wiki 6 hizi? Unatumia dawa yoyote ya tezi, ya hospitali au ya kienyeji? Samahani mzee wangu, jana au juzi umekutana na mama?

“Sasa nisikilize. Kipimo hiki hakisemi una saratani au huna. Kinasema tezi inatoa protini kiasi gani. Ikiwa chini, hatutakwambia umepona milele, tutakwambia urudi lini. Ikiwa juu, kwanza tutatibu maambukizi kama yapo, tutarudia baada ya wiki kadhaa, maana namba nyingi hushuka zenyewe. Ikibaki juu, utakwenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Atakupima kwa kidole, anaweza kukuandikia kipimo cha MRI mahali kilipo, na anaweza kuchukua kinyama. Kinyama ndicho kinachosema saratani ipo au haipo. Na ikiwepo, si kila saratani hukatwa. Nyingine hufuatiliwa tu. Mzee, ukiambiwa namba iko juu, uko tayari kufuata njia hiyo? Nani nyumbani ungependa ajue?”

Hayo ni maneno machache kuliko hotuba ya mgeni rasmi wa uzinduzi wa kambi. Mzee aliyeyasikia hataficha karatasi sandukuni, na hatauza shamba. Akiamua kutopima leo, ameamua akijua.

Lile la kufuatilia bila kukata wengi hawaliamini. Uingereza, wanaume 1,643 waliogunduliwa saratani ambayo bado iko ndani ya tezi waligawanywa makundi matatu: waliofanyiwa upasuaji, waliopigwa mionzi, na waliofuatiliwa kwa karibu. Baada ya miaka 15, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2023, takribani 97 katika kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo sana. Ni kweli kwamba kwa waliofuatiliwa tu ugonjwa ulisambaa zaidi, na wengi wao baadaye walitibiwa. Lakini walipata muda wa kuamua. Ufuatiliaji una sharti moja kubwa: mtu arudi kila anapoitwa. Kwetu, ambako kadi ya kliniki hupotea na namba ya simu hubadilika, sharti hilo linataka kuandaliwa.

Kila mmoja na sehemu yake

Kwa wanaoandaa kambi na mahema ya upimaji, ombi langu ni jepesi. Msitoe damu ya mtu kama hamjaandika mahali atakapopelekwa namba ikiwa juu, na simu yake ya kumtafuta asipofika. Siku hiyohiyo awepo mtu wa kutafsiri majibu ana kwa ana. Kama hayo hayawezekani, pimeni shinikizo la damu na sukari, na kwa tezi dume toeni elimu peke yake. Idadi ya waliopimwa inapendeza kwenye ripoti, lakini tuulizwe pia waliofika kwa daktari bingwa ni wangapi.

Kwa Wizara ya Afya, tuandikiwe mwongozo mfupi wa Kiswahili wa nasaha ya tezi dume, ukurasa mmoja, ubandikwe kila maabara ya umma na ya binafsi inayopima PSA. Na fomu ya maabara iwe na mistari miwili ya ziada: dawa anazotumia, na kama ana maambukizi. Haigharimu chochote ila wino. Huduma za kibingwa ziko katika hospitali kama Muhimbili, Ocean Road, KCMC na Bugando, na mwenye namba 6.8 aliyeko Tunduru au Kibondo anatakiwa kuandikiwa rufaa inayoeleweka kabla hajapanda basi.

Kwa kina mama na watoto, ambao mara nyingi ndio wanaomsukuma baba atoke nyumbani: msimtume peke yake. Nendeni naye, msikilize pamoja. Wanne huuliza maswali kuliko mmoja aliyejaa hofu.

Na kwetu sisi wanaume tuliokaribia miaka 50 au kuipita, tukiingia kwenye chumba cha kupimia tuwe na maswali matatu mdomoni. Kwa umri wangu na ukoo wangu, kipimo hiki kinanifaa? Namba ikiwa juu, nitakwenda wapi, kwa gharama ya nani? Ikiwa chini, nirudi lini? Mhudumu akishindwa kuyajibu, hakuna aibu kuinuka na kutafuta kituo kingine kinachoweza. Akiyajibu, nyoosha mkono. Damu yenyewe inatoka kwa dakika moja.